Namba 2,147,483,647 ina nini hasa?

Mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alinipigia simu Jumapili moja jioni, sauti imejaa mashaka. "Mwanangu, huyu mwenye namba 2147483647 ni nani? Mbona amekuwa wanachama ishirini na tisa?"

Kikundi kilikuwa kimetoka kuhama kwenye daftari. Kijana mmoja wa mtaani, anayejifunza programu, alikuwa ametutengenezea mfumo wa kompyuta wa kuweka majina, michango na namba za simu. Tuko watu arobaini na mmoja. Mama mhazini alipochapisha orodha, wanachama kumi na wawili walikuwa na namba zao, ila sifuri ya mwanzo imeyeyuka. Wengine wote ishirini na tisa walikuwa na namba moja, ileile, tarakimu kumi: 2147483647. Alishaipiga mara tatu na haikupatikana. Alishafikia pia hitimisho lake kwamba kuna mjanja amejipenyeza ili ujumbe wa malipo uende kwake.

Nilipomweleza kuwa hakuna mwizi, jibu halikumridhisha. Siku mbili baadaye mambo yakaharibika zaidi, maana mtu alirusha kwenye kundi ujumbe wa sauti unaozunguka mitandaoni. Msemaji alidai kuwa 2147483647 ndiyo namba ya mwisho ya kompyuta, kwamba haigawanyiki kwa namba yoyote, na kwa sababu hiyo ifikapo mwaka 2038 kompyuta zote zitasimama na akiba za watu benki zitapotea.

Ndani ya ujumbe ule kulikuwa na kweli mbili na uongo mmoja, vimesukwa pamoja kama ukili. Ni kweli namba hii ni mpaka kwa aina fulani ya kompyuta na programu. Ni kweli pia haigawanyiki. Uongo uko kwenye lile neno "kwa sababu hiyo" na yaliyolifuata.

Kugawanyika ni nini

Tuanzie sokoni. Muuza nyanya mwenye nyanya 12 anaweza kuzipanga mafungu yaliyo sawa kwa njia nyingi: mafungu 2 ya sita sita, mafungu 3 ya nne nne, mafungu 4 ya tatu tatu, mafungu 6 ya mbili mbili. Hizo 2, 3, 4 na 6, pamoja na 1 na 12 yenyewe, ndizo vigawo vya 12. Mpe nyanya 13 uone. Atapanga, atapangua, na kila mara itabaki moja au zaidi isiyo na pa kwenda. Labda aweke zote fungu moja, au auze moja moja.

Namba kama 13 huitwa namba tasa. Vigawo vyake ni viwili tu, 1 na yenyewe. Neno hili lina ukali wake, kwa kuwa tasa ni asiyezaa, na aliyelichagua aliona namba isiyotoa mafungu. Mimi huwa naona limekaa kinyume. Namba tasa ndizo zinazozaa nyingine zote, maana 12 ni 2 × 2 × 3, na kila namba kuanzia 2 ama ni tasa yenyewe au imejengwa kwa kuzidisha tasa. Lakini vitabu vya shule vimeshazoea, nasi tumezoea.

Sasa mpe muuza nyanya wetu nyanya bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Atazigawa mafungu mangapi?

Majaribio ya haraka hayachukui muda. Namba inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri na haigawanyiki kwa 2. Haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo 5 nayo imetoka. Kwa 3 tunajumlisha tarakimu: 2+1+4+7+4+8+3+6+4+7 ni 46, na 46 haigawanyiki kwa 3. Ukigawa kwa 7 inabaki 1. Kwa 11 inabaki 1. Kwa 13 zinabaki 10.

Watu wengi wakifika hapa hutangaza ushindi: inaishia na 7, imekataa 3, imekataa 7, basi ni tasa. Hapana. Chukua 2,047. Nayo inaishia na 7, jumla ya tarakimu zake ni 13, na inakataa 3, 5, 7, 11, 13, 17 na 19. Halafu inakuja 23 na kuipasua katikati: 23 × 89 = 2,047. Namba inaweza kukataa milango ishirini na kufunguka wa ishirini na moja, kwa hiyo unahitaji kujua milango inaishia wapi.

Inaishia kwenye kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata namba yako. Angalia 36. Jozi zake ni 2 × 18, 3 × 12, 4 × 9, 6 × 6, na ukiendelea unapata 9 × 4 na 12 × 3, yaani zilezile zimegeuzwa. Kila kigawo kikubwa kina mwenzake mdogo, na mdogo hawezi kuzidi kipeuo cha pili. Kwa namba yetu mpaka ni 46,340, kwa sababu 46,340 × 46,340 ni 2,147,395,600, na ukiongeza moja tu, 46,341 × 46,341, umeshaipita.

Tena huna haja ya kujaribu zote hadi 46,340. Ukijaribu tasa peke yake inatosha, maana kilichokataa 2 na 3 hakiwezi kukubali 6. Hata hivyo tasa zilizo chini ya 46,340 zinazidi 4,700. Kwa kalamu na karatasi, migawanyo 4,700 ya namba yenye tarakimu kumi ni kazi ya kumtoa mtu machozi.

Mwaka 1772 ilikuwa tayari inajulikana kuwa namba hii ni tasa. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi, na aliyeiandika habari hiyo kwenye barua kwa Johann Bernoulli wa tatu. Wakati huo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa. Alikuwa akihesabu kichwani na kuwaandikisha wasaidizi. Migawanyo 4,700 hakuifanya. Alifanya isiyofika 400.

Njia yake ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika habari ya namba hii, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kibubu cha siku 31

Chukua kibubu. Leo weka shilingi 1, kesho 2, keshokutwa 4, mtondo 8, mtondogoo 16. Kila siku mara mbili ya jana. Ukivunja kibubu baada ya siku hizo tano utakuta shilingi 31. Angalia kitu kimoja: siku ya sita ungeweka 32, na kibubu kina 31. Siku zote kibubu kinapungukiwa shilingi moja kufikia kiasi cha siku inayofuata. Siku tatu zina shilingi 7, na siku ya nne ni 8. Siku saba zina 127, na siku ya nane ni 128.

Endelea mwezi wa Januari mzima. Tarehe 31 peke yake utatumbukiza shilingi 1,073,741,824 (kama unazo), na kibubu kizima kitakuwa na shilingi 2,147,483,647. Namba yetu ndiyo hiyo: 2 ikizidishwa yenyewe mara 31, toa 1. Wanahesabu huandika 2 kwa kipeo cha 31, kutoa moja.

Umeona mnyororo wake? Kibubu cha siku 5 kilitoa 31. Kibubu cha siku 31 kimetoa 2,147,483,647. Tano ni tasa, 31 ni tasa, na 2,147,483,647 ni tasa.

Sasa tuchukue kibubu kidogo tunachokijua, cha siku 11. Kina shilingi 2,047, na tumeshaona kinavunjika kuwa 23 × 89. Kwa nini 23? Anza na 1, zidisha kwa 2 kila hatua, na kila ukifika 23 au zaidi toa 23 ubaki na salio, kama saa inavyofika 12 na kuanza upya. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, halafu 32 ambayo ukitoa 23 ni 9, halafu 18, 13, 3, 6, 12, na 24 ambayo ni 1. Umerudi ulipoanzia, na umepiga hatua 11 kamili. Maana yake kiasi cha siku ya 12 ukikigawa kwa 23 kinabaki 1, na kwa kuwa kibubu cha siku 11 kinapungua moja, hakibaki kitu. Ndiyo sababu 23 inakigawa.

Hebu tazama duara hilo kama wacheza ngoma. Mabaki yanayowezekana ukigawa kwa 23, ukiacha sifuri, ni 22: kuanzia 1 hadi 22. Kumi na moja wameshashikana mikono kwenye duara la kwanza. Anza na yeyote aliyebaki, tuseme 5, na zidisha vilevile: 5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, kisha 28 ambayo ni 5. Duara la pili, nalo la watu 11, na hakuna aliyebaki nje. Wachezaji 22, maduara mawili ya kumi na moja kumi na moja.

Hivyo ndivyo inavyokuwa daima. Tasa yoyote inayogawa kibubu cha siku 31 lazima iwapange wachezaji wake kwenye maduara yaliyo sawa, na ukubwa wa kila duara uwe 31. Hauwezi kuwa mdogo zaidi, kwa sababu ili urudi kwenye 1 baada ya hatua 31, duara lazima liingie kwenye 31 bila baki, na 31 ni tasa, haina mafungu. Kwa hiyo idadi ya wachezaji, yaani tasa hiyo ukiitoa 1, lazima igawanyike kwa 31. Na kwa kuwa tasa hiyo ni witiri, ukiitoa 1 inakuwa shufwa, basi lazima igawanyike kwa 62.

Unaona chujio hilo lilivyo kali? Badala ya kuuliza tasa zote, uliza zile tu ambazo ni zidisho la 62 ukiongeza 1. Ya kwanza ni 63, lakini si tasa. Inafuata 125, si tasa. 187 ni 11 × 17. 249 ni 3 × 83. Ya 311 ndiyo tasa ya kwanza inayostahili hata kuulizwa. Zilizotangulia, tasa 63 kuanzia 2 hadi 307, zote zimeondolewa bila kugawa hata mara moja. Yale majaribio yetu ya 3, 7, 11 na 13 pale juu yalikuwa jasho la bure.

Euler alikuwa na chujio la pili juu ya hilo: kigawo chochote, ukikigawa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. (Jaribu kwenye 23 na 89: ya kwanza inabakiza 7, ya pili 1.) Ukiunganisha machujio mawili, kati ya zile tasa zaidi ya 4,700 zinabaki karibu 80. Ya kwanza ni 311. Chukua simu ugawe: inaingia mara 6,905,092 na kubaki 35. Inayofuata ni 1,303, kisha 1,489. Zote hadi 46,340 zinakataa. Orodha ikiisha, hakuna tena mahali kigawo kinapoweza kujificha.

Je, kila kibubu cha siku tasa hutoa tasa? Hapana, na hapa wamejikwaa watu wakubwa. Kibubu cha siku 11 kimeshatukatalia. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, ambaye namba za aina hii zinaitwa kwa jina lake, alitoa mwaka 1644 orodha ya siku zinazotoa tasa hadi 257. Ya 31 aliipatia. Lakini aliweka 67 na 257 ambazo vibubu vyake si tasa, na akaacha 61, 89 na 107 ambazo vibubu vyake ni tasa. Ya 67 ina kisa chake. Édouard Lucas alionyesha mwaka 1876 kuwa haiwezi kuwa tasa, lakini vigawo vyenyewe hakuvijua. Ilipita miaka 27 kabla F. N. Cole, Mmarekani, hajavitoa hadharani mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Inawezekana kabisa kujua kuwa mlango umefunguka na usijue ufunguo uko wapi.

Mwaka 1811 Peter Barlow, Mwingereza, aliandika kwamba haielekei kuwapo mtu atakayejisumbua kwenda mbali zaidi ya kibubu hiki cha siku 31, kwa kuwa namba hizi ni za udadisi tu na hazina faida. Lucas aliruka hadi siku 127 mwaka uleule wa 1876, namba ya tarakimu 39. Oktoba 2024 ilitangazwa ya siku 136,279,841. Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320, na aliyeigundua ni Luke Durant wa Marekani.

Sasa kompyuta imeingiaje hapa

Imeingia kupitia kibubu kilekile, na si kupitia utasa.

Kompyuta huandika namba kwa swichi, kila moja imewashwa au imezimwa. Swichi hiyo ndiyo biti. Ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8. Ni viwango vilevile vya kibubu. Kwa muda mrefu nafasi ya kawaida ya kuwekea namba imekuwa biti 32. Moja hutengwa kuonyesha kama namba ni hasi, zinabaki 31. Ziwashe zote 31 na umepata 1+2+4+8 hadi mwisho, yaani 2,147,483,647. Hapo ndipo uwezo wa nafasi hiyo unapoishia. Ukiongeza moja, swichi zote 31 zinazimika na ile ya hasi inawaka, kama mita ya gari kuukuu inavyotoka 999,999 kwenda sifuri, ila hii inaangukia hasi 2,147,483,648.

Hiyo namba ingekuwa mpaka hata kama ingegawanyika kwa kila kitu. Waliochagua biti 32 waliangalia 8, 16, 32, yaani ukubwa unaofaa mashine. Kwamba 32 ukitoa 1 ni 31, na 31 ikatoa tasa, ni bahati tu.

Na tuna ushahidi. Kompyuta za leo hutumia biti 64, na mpaka wake ni kibubu cha siku 63: 9,223,372,036,854,775,807. Hiyo ni tasa? Wala haikaribii. Inagawanyika kwa 7 (mara mbili), 73, 127, 337, 92,737 na 649,657. Sababu ni rahisi, 63 yenyewe ina mafungu. Ni kama 999,999: ina tisa sita, na kwa kuwa sita ni tatu mara mbili unaweza kuikata kuwa 999 × 1,001. Swichi 63 zilizowashwa zinakatika hivyohivyo. Mpaka mpya umejaa vigawo na kompyuta zinafanya kazi vizuri kuliko zamani.

Desemba 2014 dunia nzima iliona mpaka ule wa zamani ukivukwa, pale video ya Gangnam Style ya mwanamuziki wa Korea Kusini, PSY, ilipotazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647 kwenye YouTube. Wenyewe walisema waliliona jambo hilo likija na walishahamisha hesabu kwenda biti 64.

Tarehe 19 Januari 2038

Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, ambapo huku kwetu ilikuwa saa 9 usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Sekunde 2,147,483,647 ni siku 24,855, saa 3, dakika 14 na sekunde 7, kama miaka 68. Kwa programu inayoweka sekunde hizo kwenye biti 32, kibubu kinajaa Jumanne, 19 Januari 2038. Nairobi na Dar es Salaam itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, Lubumbashi saa 11 na dakika 14, Muscat saa 1 na dakika 14. Sekunde inayofuata, programu hiyo itaangukia hasi na kudhani ni Ijumaa, 13 Desemba 1901, mwezi ambao reli kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo inafika Kisumu.

Hatari hii ni ya kweli na si ya kuchekwa. Lakini si ya kompyuta zote. Iliyobadilishwa kuhesabu sekunde kwa biti 64 ina nafasi ya miaka bilioni 292. Kiini cha Linux, kinachoendesha seva nyingi na simu za Android, kimewezesha hata mashine za biti 32 kuhesabu hivyo tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Cha kutazamwa ni vifaa vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa, programu za zamani ambazo aliyeziandika ameshastaafu, na mafaili yanayohifadhi tarehe kwa mtindo wa kale. Wala si lazima kungoja 2038. Programu mbovu inayopanga marejesho ya mkopo wa miaka 15 inaweza kugonga mpaka huo leo, maana tarehe ya mwisho ya mkopo iko ng'ambo yake. Ikitokea hivyo, pesa hazijapotea. Tarehe ndiyo imekosewa, na lazima mtu aliyelipwa kuirekebisha airekebishe.

Dai jingine nililolisikia ni kwamba namba hii "ndiyo inayolinda nywila za benki" kwa kuwa haigawanyiki. Hapana. Ni kweli tasa hutumika kulinda siri za mtandaoni, kwa sababu kuzidisha tasa mbili ni rahisi na kuzitenganisha ni kazi, kama Cole alivyoonja. Lakini tasa zinazotumika kwenye mfumo wa RSA leo zina tarakimu kama mia tatu kila moja. Yetu ina kumi, na kila mtu anaijua.

Yule kijana wetu, basi, kosa lake lilikuwa nini? Alipotengeneza kanzidata, yaani daftari la ndani ya kompyuta, safu ya simu aliipa aina ya namba kamili ya biti 32. Waliojiandikisha kwa kuanza na 07 walipona, maana ukiondoa sifuri zinabaki tarakimu tisa, chini ya bilioni, na zinaingia. Walioandika kwa utaratibu wa kimataifa, wakaanza na 255, walileta tarakimu kumi na mbili. Haziingii. Na kanzidata ile, kwa kuwa haikuwa imeamriwa kukataa, ilifanya kama mtu anayejaza debe, ikajaza hadi ukingoni na kumwaga kilichozidi. Ukingo ni 2147483647. Wenye 254 yangewakuta hayohayo.

Dawa ilikuwa kubadilisha safu ile iwe ya maandishi. Simu tunaiita namba, lakini hakuna anayejumlisha simu ya shangazi na ya fundi akapata kitu. Kijana alirekebisha kwa dakika tano, akacheka, akaniomba nimwombee msamaha kwa mhazini.

Namba zilizomwagika lakini hazikurudi, kwa sababu hazikuwahi kuandikwa popote ndani ya mashine. Nilipomwambia Mama hivyo alinyamaza kidogo, halafu nikasikia droo inafunguliwa. Daftari la zamani hakuwa amelitupa. Akavaa miwani, akalamba kidole, akaanza kunisomea moja moja, sifuri saba...